Chuma Kinapomeza Moto

Mjomba wangu, aliyekuwa mhunzi mjini Tanga kwa zaidi ya miaka 40, hakuwa na kipimajoto wala saa katika kiwanda chake, wala hakupata kusoma kitabu chochote cha elimu ya madini. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo mimi, nilipopelekwa kwake kujifunza kazi nikiwa na umri wa miaka 14, niliidhania kuwa ni ushirikina, hata nilipokuja kuwa mtu mzima na kusoma nikatambua kuwa ilikuwa elimu kamili iliyokosa mtu wa kuiandika tu. Desturi yenyewe ni kwamba kazi ya kuchovya, yaani kukitosa chuma chenye moto katika maji au mafuta ili kipate ugumu wa kushika makali, hakuifanya mchana hata siku moja. Kufua alifua tangu alfajiri, na kunoa alinoa wakati wowote. Bali kwa kuchovya alingoja magharibi ipite, akafunga mlango, akashusha gunia dirishani, akazima kandili, ikawa nuru pekee iliyosalia humo ndani ni ile ya makaa yaliyokuwa yakipulizwa kwa mivuo.

Kazi yangu ilikuwa kuvuta mivuo. Yeye alisimama kando ya tanuri, koleo mkononi, na kisu cha kukatia mkonge, alichokifua kwa springi ya lori kuukuu, kimelala juu ya makaa. Kisu kilianza kwa wekundu wa kiza, kikaendelea kung'aa kidogo kidogo. Kisha, pale ambapo mtu angetazamia kizidi kung'aa maadamu moto ulikuwa ukizidi, pakatokea jambo la kustaajabisha: kivuli kilipita ndani ya kile chuma, kama wingu lipitavyo juu ya shamba la mpunga, sehemu moja ikafifia ilhali jirani yake inawaka, na kivuli kile kikatembea polepole kutoka kwenye makali palipo pembamba kuelekea kwenye mgongo palipo panene.

"Tazama, mwanangu," aliniambia, "chuma kinameza moto. Usikitoe kingali kinameza."

Kivuli kilipokwisha kutoka, na kisu chote kikawa na wekundu mmoja, ndipo alipokinyanyua na kukitosa katika debe la mafuta. Na siku moja, kwa kuwa niliuliza sana, alitwaa tupa iliyokwisha meno, akaipasha moto mpaka ikawa nyekundu ya kung'aa, akaitoa na kuishika hewani gizani pasipo kuitosa popote. Ile tupa ilipoa, ikafifia, ikakaribia kupotea machoni. Mara ikawaka tena yenyewe, wala hapakuwa na moto karibu yake, ikabaki hivyo kwa pumzi mbili tatu, kisha ndipo ikafifia moja kwa moja. Nilirudi nyuma kwa hofu. Mjomba alisema kwa upole kwamba hapakuwa na jini humo: chuma kimerudisha kile kilichokimeza.

Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu jambo hilo, na bado sijapata maneno yanayolieleza kwa uaminifu kuliko hayo. Chembe za chuma, kikiwa baridi, zimepangika kwa namna ya michemraba, nane katika pembe na moja katikati. Lakini chuma safi kikifika digrii 912 za sentigredi, kingali kigumu na hakijakaribia kuyeyuka, chembe hizo huuacha mpango wa kwanza na kushika mwingine, ambao kila uso wa mchemraba una chembe yake. Feleji si chuma kitupu. Ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, na ikiwa kaboni hiyo ni karibu sehemu 8 katika 1000, mabadiliko huja mapema zaidi, kwenye digrii 727. Kazi ya kuhama kutoka mpango hadi mpango hugharimu joto, na joto hilo haliongezi mwanga wa chuma, kama vile maji yachemkayo yasivyozidi joto hata ukichochea kuni mpaka yageuke mvuke. Hicho ndicho kivuli. Na katika kupoa, chembe zirudipo makwao, joto lililotumika hutoka, nayo tupa huwaka gizani. Mrusi Dmitry Chernov aliyatambua mabadiliko haya mwaka 1868, alipokuwa akichunguza sababu ya mizinga ya feleji kupasuka, naye pia, kama mjomba wangu, alizitegemea rangi za moto kwa jicho lake. Na mwanafizikia William Barrett aliandika mwaka 1873 kuhusu kule kuwaka kwa mara ya pili. Wala sioni ajabu kwamba watu wa nchi mbalimbali wameliona jambo hili moja, kwa kuwa biashara ya chuma ni ya zamani hata kwetu, na al-Idrisi, katika kitabu chake cha mwaka 1154, alikwisha kuutaja mji wa Malindi kwa chuma chake.

Lakini nina deni la kueleza kosa langu. Siku moja mjomba alikwenda kuzika Pangani, nami, nikiwa na ghururi ya kijana aliyekwisha kuona kazi mara nyingi akadhani anaijua, nilitwaa kisu alichokuwa amekifua, nikakipasha moto mchana kweupe mpaka kikawa na rangi ya chungwa, kwani nilidhani moto mwingi ndio ugumu mwingi, nikakitosa katika maji baridi ya kisima. Nilisikia mlio mdogo, *ti*, kama yai linapogusana na ukingo wa bakuli. Nilipokifuta, nikaona ufa mwembamba kuliko unywele ukitoka kwenye makali hadi nusu ya upana wake.

Mjomba aliporudi hakunigombeza, na kwa kutonigombeza alinifundisha zaidi. Alikishika kile kisu kwa koleo, akakivunja juu ya fuawe kwa pigo moja, akanionesha mahali palipovunjika: palikuwa na punje punje za kumetameta, kubwa kama chumvi ya mawe. Kisha akavunja kipande kidogo cha kisu chake mwenyewe kilichochovywa sawasawa, na ndani yake palikuwa pororo, rangi ya majivu, kama hariri iliyokunjwa. Chuma kilichopita mpaka wake na kuendelea kuchomwa pasipo haja hukuza punje za ndani, na punje zikikua, umoja wao hudhoofika. Basi kosa langu lilikuwa la pande mbili: nilikipitisha mpaka kwa mbali mno katika kwenda, na kwa pupa mno katika kurudi.

Katika kurudi ndiko kwenye siri kubwa. Feleji ikiachwa ipoe taratibu, kaboni hupata nafasi ya kujitenga, ikajipanga na chuma tabaka juu ya tabaka, nyembamba mno; naye Henry Clifton Sorby wa Sheffield, aliyeitazama feleji kwa hadubini katika miaka ya 1860, aliona tabaka hizo zikimetameta kama lulumizi, ule utando wa ndani ya chaza, na jina la lulu ndilo lililodumu katika vitabu. Feleji ya namna hiyo ni laini, hufuliwa na kukatwa. Lakini ikitoswa ghafla, kaboni hukosa wasaa wa kutoka. Kwa feleji isiyo na mchanganyiko mwingine wasaa wenyewe aghalabu ni kama sekunde moja tu. Basi chembe za chuma hujaribu kurudi makwao na kukuta mgeni amekwama mlangoni, michemraba ikanyooshwa kwa nguvu, na mnyooko huo ndio ugumu. Hali hiyo wataalamu wameipa jina la Mjerumani Adolf Martens. Nayo huvimba kidogo inapozaliwa. Kwa kuwa ngozi ya kisu hupoa kabla ya moyo wake, moyo huvimba baadaye ilhali ngozi imekwisha kuwa ngumu kama kioo, na kioo hakinyooki.

Ndiyo sababu mjomba hakuwahi kukiacha kisu kilichochovywa kilale usiku kucha bila kurudishwa motoni kidogo. Nilipokuwa kijana wa miaka 22, nimeajiriwa katika karakana moja ya mjini ambayo haina haja ya kutajwa, msimamizi wetu aliamuru tuchovye patasi 11 jioni na tuziache mpaka kesho, kwa kuwa saa za kazi zilikuwa zimekwisha. Nilisema neno moja la kupinga, nikaambiwa ninyamaze. Asubuhi tulikuta 4 zimepasuka zenyewe juu ya meza, hakuna aliyezigusa. Na gharama yake tulikatwa sisi katika mishahara. Fedha ile nimekwisha kuisahau. Nisichokisahau ni kwamba nilikuwa najua, nikanyamaza baada ya neno moja.

Nimekaa na vijana wengi wa kufundishwa kazi tangu hapo, na katika wao nimewaona waliotoswa ghafla katika madaraka au katika mji mgeni, wakawa wagumu kweli, wakali kweli, wakasifiwa. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwarudisha kwenye joto la kadiri, joto la nyumbani na la wazee, wakapasuka siku ya utulivu, mahali ambapo hakuna aliyewagusa. Ninawasikitikia kwa moyo wangu wote, na sehemu ya lawama ni yetu sisi tuliowachovya.

Baba yangu, kwa upande wake, alikuwa mvuvi, na kwake nilijifunza mpaka wa namna nyingine. Ukishindilia upondo katika maji matulivu ya asubuhi, huuona umevunjika pale unapoingia majini. Na mtoto apewaye chusa kwa mara ya kwanza hulenga samaki anapomwona, akamkosa, kwani samaki yupo chini kuliko anavyoonekana. "Lenga chini yake," baba alikuwa akisema, "jicho limepotoshwa njiani." Nuru husafiri hewani karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na majini karibu kilomita 225,000, na kitu chochote kiendacho kwa mshazari, kikipunguza mwendo upande mmoja kabla ya upande wa pili, hakina budi kupinda, kama safu ya watu waliofungana mikono ambao baadhi yao wamekwisha kukanyaga matope. Kipimo halisi cha kupinda huko kilijulikana kwa Ibn Sahl wa Baghdad mnamo mwaka 984, zaidi ya miaka 600 kabla ya Snellius wa Uholanzi, ambaye vitabu vya shule vimezoea kumtaja peke yake.

Baba alikuwa na neno jingine. Katika ngalawa tuliruhusiwa kuzungumza, hata kucheka. Lakini ole wake aliyeangusha nanga ndogo juu ya mbao, au aliyegonga ubavu wa chombo kwa kafi. Niliona ni amri isiyo na mizani, kwani sauti zetu zilikuwa kubwa kuliko ule mgongano. Kumbe sauti iliyo hewani, ikifika juu ya uso wa maji, hurudishwa karibu yote, na nguvu inayoingia ni kama sehemu 1 tu katika 1000. Bali pigo la ubao limekwisha kuwa ndani ya ubao, na ubao umegusana na maji, nalo humfikia samaki kwa mwendo wa mita 1,500 kwa sekunde, ilhali hewani lingekwenda mita 340.

Jioni tulipokuwa tumevuta chombo, nilicheza mchezo ambao sikujua kwamba ni somo. Nilifunga kamba ya nanga kwenye shina la mnazi, nikaipiga mtikiso mmoja wa kwenda juu: nundu ilikimbia hadi kwenye mnazi, ikarudi kwangu ikiwa imepinduka, yaani imekuwa bonde. Kisha nikaunga ugwe mwembamba na kamba nene, nikautikisa ule ugwe: palipokuwa na fundo, sehemu ya nundu ilirudi kwangu imepinduka, na sehemu iliyobaki ikavuka na kuendelea katika kamba nene, ndogo na ya mwendo wa polepole, lakini imesimama vilevile juu. Nikageuza, nikatikisa kuanzia upande mnene. Sasa iliyorudi haikupinduka, na iliyovuka ikawa kubwa na yenye haraka. Nilirudia mara nyingi hata mama akaniita kwa hasira. Katika marudio yote hayo, nundu iliyorudi mara ilipinduka na mara haikupinduka, kwa kadiri ya kile ilichokutana nacho. Bali nundu iliyovuka haikupinduka hata mara moja. Na mkono ukitikisa mara tatu, mitikiso mitatu ndiyo itakayovuka, hata kamba iwe nene au nyembamba. Ndivyo yalivyo hata mawimbi ya bahari: yatokapo kwenye kina cha mita 10 kuja kwenye kina cha mita 1, mwendo hushuka kutoka karibu mita 10 kwa sekunde hadi karibu 3, yakasongamana, yakainuka, lakini idadi yapigayo kwa dakika ni ileile. Nilipohama Tanga kwenda kufanya kazi mbali, nikaona lugha ya watu imenibadilikia na mwendo wangu umelemaa, kumbukumbu ya ile kamba ilinifaa kuliko nasaha nyingi nilizopewa kituoni.

Wanazuoni wa Ulaya walichukua neno moja la Kiyunani, lililokuwa na maana ya kuonekana, wakaziita kwalo sura za mwezi, mwandamo na mpevu. Kisha wakalipa hali za madini, kama ile ya baridi na ile iliyovuka digrii 727. Kisha wakalipa mahali lilipofika wimbi katika kupanda na kushuka kwake. Nasi siku hizi husema awamu. Kwa muda mrefu nilidhani kuwa ni umaskini wa maneno tu, jina moja kutwikwa mizigo mitatu isiyohusiana. Nilibadili mawazo kwa ajili ya mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu.

La kwanza lilikuwa karakanani, kwenye ekseli za magari ya reli. Wazee wa kazi walizipiga kwa nyundo ndogo na kusikiliza: nzima hulia kama kengele, na yenye ufa hujibu kwa sauti ya mbao. Walio waangalifu zaidi walizipaka mafuta, wakazifuta hata zikakauka, wakazipaka chokaa. Baada ya muda, palipo na ufa mafuta yalichuruzika na kuandika mstari wa kahawia juu ya weupe. Baadaye ikaja mashine ya kupeleka mawimbi ya sauti, nyembamba mno kusikika kwa sikio, ndani ya chuma. Fundi aliyeileta alipaka kwanza grisi, na kijana mmoja akauliza grisi ni ya nini. Nilijikuta nimemjibu mimi, nikamsimulia habari ya ngalawa: hewa ikibaki kati ya chombo na ekseli, wimbi litarudi mlangoni lisiingie, na hewa hiyohiyo ikiwa imo ndani ya ufa, wimbi litarudi pia, na marejeo yake ndiyo yatakayotwambia ufa uko wapi. Katika chuma kizima wimbi hupita kimya na halisemi kitu. Husema pale tu lilipokuta mpaka.

La pili ni rangi. Kisu kilichokwisha kuchovywa, mjomba alikisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, akakiweka juu ya bamba lenye moto wa kadiri, na hapo rangi zilianza kutembea juu yake, nazo alizipa majina yake mwenyewe: kwanza ukindu mkavu, karibu digrii 230, ambayo ni ya nyembe na vitu vya makali matupu, kisha karafuu, kisha shingo ya njiwa, karibu digrii 280, ya mashoka, kisha kilindi, rangi ya maji ya bahari kuu, karibu digrii 300, ya springi na vitu vinavyotakiwa kupinda pasipo kuvunjika. Ilipofika rangi aliyoitaka, alikitoa kisu papo hapo. Nilisadiki kwamba ile ni rangi ya chuma, kama vile embe liivapo.

Lakini chuma hakina rangi hizo. Kinachotokea ni kwamba joto huvika uso wake utando wa kutu usioonekana, unene wake ukihesabiwa kwa makumi ya sehemu kama milimita moja ingegawanywa sehemu milioni. Na nuru ifikapo hapo, sehemu yake hurudi kutoka juu ya utando, na sehemu huvuka, ikaenda kwa mwendo mdogo zaidi hadi kwenye chuma, ikarudi ikiwa imechelewa. Mawimbi haya mawili yakikutana tena, kilima cha moja kikiangukia bonde la jingine, huuana, na rangi yao hutoweka katika nuru nyeupe. Zilizobaki ndizo tuzionazo. Utando ukiwa mwembamba, hutoweka zile za zambarau na samawati, tukaona ukindu. Ukiwa mnene zaidi, hutoweka nyekundu na njano, tukaona kilindi. Basi mjomba wangu, gizani kwa kivuli na nuruni kwa rangi, alikuwa akisoma hali ya madini kwa kuyatazama mawimbi yavukayo mpaka, mambo yote mawili katika kipande kimoja cha feleji, na jicho lake halikukosea isipokuwa mara chache sana katika miaka yote niliyokuwa naye.

Nakusihi, msomaji, ikiwa mtaani kwako amesalia mhunzi anayefua kwa mkono, usingoje likizo wala msiba ukupeleke kwake. Nenda baada ya magharibi, umwombe afunge mlango na azime taa, akuoneshe kivuli. Na majina anayoziita rangi zake uyaandike hapo hapo, mbele yake. Mjomba alinitajia majina saba, na mimi nimebakiwa na manne.